Mwalimu aonjeshwe uongozi kabla barua haijafika

Mwaka wangu wa kwanza wa unaibu, katika shule moja ya msingi kisiwani Pate, pwani ya Kenya, mwalimu mkuu aliugua ghafla. Tulimpakia botini alfajiri, maji yakiwa yamejaa, apelekwe hospitali Lamu. Pale pale gatini akanikabidhi funguo zote za shule. Saa nne mpishi akaja kudai pesa za kuni, nami nikalifungua kabati la ofisi kwa mara ya kwanza. Daftari la pesa, kitabu cha hundi, stakabadhi zimefungwa kwa mpira. Nilikuwa nimefundisha miaka kumi na mmoja, na sikujua nianzie ukurasa gani.

Simlaumu mzee yule. Naye aliupata ukuu vivyo hivyo: barua ya Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), muhuri, basi. Mengine aliyajua kwa kukosea, na makosa ya mwalimu mkuu huwaangukia watoto. Mgao wa serikali kwa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, nao huchelewa. Pesa hizo si za kujifunzia hesabu. Tangu 2023 ofisi hiyo hiyo imebeba na sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa.

KEMI, taasisi ya Kenya ya usimamizi wa elimu, hufundisha usimamizi wa shule, na mafunzo yake nayathamini sana. Lakini mwalimu wa visiwa vyetu, wa Kizingitini au Ndau, huanza kwa kuhesabu nauli ya boti, kisha ya basi. Na hata akienda, atarudi shule ambayo kabati lake bado limefungwa.

Nadhani kosa letu ni kugawa kazi bila kugawa mamlaka. Mwalimu wa zamu huhesabu wachelewaji wiki nzima, ila hana ruhusa ya kubadilisha hata saa ya kengele. Mkuu wa idara huomba vitabu asijue vinanunuliwaje. Sisi walimu wa kike ndio zaidi. Siku ya mkutano wa bodi ya shule tunaitwa kuandaa chai, ilhali kuna kumbukumbu za kuandika mle ndani. Kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 mwalimu mkuu ndiye katibu wa bodi. Kuna ubaya gani akiomba ruhusa ya kuingia na mwalimu mmoja, akae, asikie wazazi wanavyouliza na majibu yanavyotolewa? Hapa kwetu mtoto wa jahazini huanza kwa kufua maji ngamani, kuyatoa chini ya chombo, lakini nahodha humwita ashike usukani bahari ikiwa shwari, yeye mwenyewe akiwa kando.

Sasa ofisi ni yangu. Muhula huu daftari la pesa analiandika mwalimu wa hesabu, binti wa mwaka wa nne kazini, nami nakaa naye kila Jumatano baada ya vipindi. Wiki iliyopita aliniuliza, "Mwalimu, mbona kuni za mwezi uliopita zimeandikwa mara mbili?" Nilikuwa nimeziandika mimi. Tukazimwaga stakabadhi zote mezani, tukatafuta mpaka adhana ya alasiri.