Santuri Haikusikia Ngoma

Kuna bendi zinazopiga jazz ya zamani ya New Orleans, Marekani, ambazo nikizisikiliza dakika tano tu najua zilikojifunzia: kwenye santuri. Mpiga ngoma anagonga kijibao, tok tok tok, wimbo mzima, na ile dramu kubwa iko miguuni pake kama pambo. Muulize, atakwambia ndivyo alivyopiga Baby Dodds, mpiga ngoma wa bendi ya King Oliver.

Sivyo. Mwaka 1923, King Oliver na wenzake walipoingia studio ya Gennett kule Richmond, Indiana, hapakuwa na kipaza sauti. Palikuwa na pembe kubwa ya kunasa sauti na sindano ikichora kwenye nta. Ngoma nzito ingeirusha sindano, basi Dodds akabanwa na vijibao vyake. Louis Armstrong, kijana mwenye mapafu, inasimuliwa alisogezwa nyuma asije akawafunika wengine. Treni ikipita nje, kazi inasimama. Leo mtu anamaliza ujana wake akiiga dhiki za chumba kile, eti ndiyo asili!

Ndiyo maana mimi ni mtu wa Preservation Hall. Ukumbi ule mdogo wa mtaa wa St. Peter, New Orleans, ulianza 1961 kwa kuwapa wazee wa jazz ile mahali pa kupigia: Sweet Emma Barrett kwenye piano, George Lewis na klarineti yake. Anayekaa pembeni ya mzee anamwona akimkonyeza mwenzake kabla ya kumwachia nafasi. Konyezo hilo hakuna santuri iliyolinasa. Ni kweli watalii wamejaa, na wimbo unaoombwa na kila mgeni ulibandikiwa ukutani bei ya juu kuliko nyingine zote. Hilo nawasamehe.

Mwingereza Ken Colyer, mpiga tarumbeta, aliliona hili mapema. Santuri za kwao hazikumtosha, akaajiriwa melini, akashukia Alabama asirudi, na mwaka 1952 akafika New Orleans kupiga na wazee wale wale. Viza ikamwishia, akawekwa rumande, kisha akarudishwa Uingereza.

Na tusiwacheke watu. Niliwahi kuwasikia vijana wetu wakipiga zilipendwa ya Morogoro Jazz, gitaa ndiyo kwanza linakolea, mara kimya. Nikamfuata kiongozi wao, mbona mmeukata?

"Ndivyo ulivyo, kaka. Hata kwenye santuri unaishia hapo."

Nikamwuliza kama aliwahi kuigeuza upande wa pili.