Bwawa, jimu na bembea: kipi kifunguliwe kwanza?

Mwaka 2020, katika majengo ya ghorofa ya Nairobi, kuanzia Kilimani na Kileleshwa hadi Syokimau, kamati za wakazi zilifunga mambo matatu kwa mkupuo mmoja: bwawa la kuogelea, jimu na uwanja wa watoto. Kufunga hakukuwa na ugumu. Kisa cha kwanza cha Korona kilitangazwa Machi 13, shule zikafungwa siku chache baadaye, kafyu ikaanza Machi 27, na hakuna mwenyekiti aliyetaka kuonekana mzembe. Ugumu ulikuja wakati wa kufungua. Mjadala ukageuka kuwa wa ndiyo au hapana, wenye watoto upande mmoja na wenye wazazi wazee upande mwingine, ilhali bwawa, jimu na bembea ni vitu vitatu vyenye hatari tatu tofauti kabisa.

Tuanze na waliotaka makufuli yabaki, kwa sababu hoja zao zilikuwa nzito kuliko walivyosikilizwa. Juni 2020 Wizara ya Afya ilizindua utaratibu wa kuwatunza nyumbani wagonjwa wasio na dalili au wenye dalili nafuu. Kuanzia hapo mgonjwa hakuwa lazima awe wodini hospitali ya Mbagathi; angeweza kuwa ghorofa ya tano, na watu wa nyumba yake wakatumia lifti ile ile unayotumia wewe. Katika jengo la nyumba 60 mna wenye kisukari, wenye shinikizo la damu, na nyanya waliokuja kutoka ushago kumwona daktari wakazuiwa na amri ya kutotoka Nairobi. Hao hawakuhitaji bwawa, lakini walihitaji lifti na ngazi.

Kisha kuna suala la nani atasimamia kanuni. Kamati huandika masharti kumi kwenye kundi la WhatsApp, halafu kazi yote anaachiwa askari wa lango. Ukimtuma askari akamtoe mwenye nyumba bwawani kwa kuwa muda wake umeisha, umempa kazi isiyowezekana: mwenye nyumba huyo ndiye anayelalamika kwa kampuni ya ulinzi, na askari ndiye anayehamishwa. Waliosema "kama hatuwezi kusimamia, tusifungue" walikuwa wanasema jambo la kweli.

Hoja ya kisheria ilitajwa zaidi ya uzito wake. Sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa mwenye mamlaka juu ya jengo humtaka achukue tahadhari zinazostahili kwa anayeingia. Lakini mtu anayepanda matatu, kwenda sokoni na kufika kazini atapata taabu kubwa kuthibitisha kwamba aliambukizwa kwenye jimu ya kwao. Fomu za kujiondolea lawama ambazo baadhi ya mameneja waliwasainisha watu hazikusafisha hewa ya chumba. Kinachomlinda meneja ni daftari linaloonyesha vipimo vya maji, saa za usafi na idadi ya watu.

Upande wa pili una hoja moja ambayo mimi naiona ndiyo kubwa kuliko zote. Shule zilibaki zimefungwa hadi Oktoba 12, na hapo walirudi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne tu. Wengine walisubiri hadi Januari 4, 2021. Mtoto wa darasa la pili katika nyumba ya vyumba viwili alikaa zaidi ya miezi tisa bila uwanja wa shule. Ukifunga bembea, mtoto huyo hakai kwenye kochi. Anashuka ngazi, anacheza kati ya magari kwenye maegesho ya chini, anapiga mpira koridoni, anajazana na wenzake sita kwa jirani mwenye mchezo wa video. Kila mojawapo ya mahali hapo pana hewa mbovu kuliko uwanja wenye bembea. Kufuli lile liliwaondoa watoto nje na kuwapeleka ndani.

Wakati huo ilidhaniwa hatari ilikuwa kwenye vyuma vya bembea vinavyoshikwa na mikono mingi. Aprili 2021, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilikadiria kuwa uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa kawaida ni chini ya 1 kati ya 10,000 kwa kila mguso. Kwa hiyo uwanja wa watoto ndio uliostahili kufunguliwa kwanza, na ikiwezekana usifungwe kabisa: maji na sabuni pembeni, madawati ya mayaya yatenganishwe mita mbili mbili, na wakubwa wasigeuze uwanja kuwa baraza. Kunyunyizia uwanja dawa ni kupoteza pesa. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilionya dhidi ya kupulizia dawa barabarani na sokoni, na likakataza kabisa kuwapulizia watu. Pa kufuta, kama vitasa na vibonyezo vya lifti, panatosha klorini ya asilimia 0.1: ukiwa na jiki ya asilimia 3.5, ni mililita 30 kwa lita moja ya maji, ichanganywe siku hiyo hiyo.

Jimu ndiyo iliyostahili kuwa ya mwisho, na ndiyo ambayo watu wazima waliipigania kwanza. Chukua chumba cha mita 8 kwa 6 chenye dari ya mita 2.7. Ujazo wake ni karibu mita za ujazo 130. Ili hewa ibadilishwe mara sita kwa saa, unahitaji kuingiza karibu mita za ujazo 780 za hewa ya nje kila saa. Kiyoyozi cha ukutani hakifanyi kazi hiyo hata kidogo. Kinavuta hewa ya humo humo, kinaipoza, kinairudisha. Jimu nyingi za majengo yetu ziko chini, karibu na maegesho, zina dirisha la upande mmoja, na wakati mwingine limezibwa ili kiyoyozi kisipoteze baridi.

Dawa yake si ghali. Fungua dirisha na mlango ulio mkabala nalo, weka feni kubwa dirishani ikipuliza kwenda nje, na uzibe kwa ubao nafasi iliyobaki pembeni mwa feni ili hewa isizunguke ikarudi. Kisha pima. Kipimo cha kaboni dioksaidi, hewa tunayoitoa tukipumua, kile kidogo cha mezani, huonyesha karibu 420 (ppm) kikiwa nje. Kikipita 800 watu wakiwa ndani, chumba kimelemewa, haijalishi kamati imeandika idadi gani mlangoni. Anayekimbia kwenye mashine hupumua hewa mara kumi au zaidi ya aliyeketi, kwa hiyo hesabu ya watu wa ofisini haifai hapa. Katika chumba hiki, watu wanne wangetosha.

Kosa lililojirudia ni lile la dakika 15 kati ya zamu moja na nyingine, "za kufuta mashine". Mashine zilifutwa vizuri. Hewa haikupewa muda: hata ikibadilishwa mara sita kwa saa, kuondoa asilimia 99 ya kilichomo huchukua dakika 46. Ikibadilishwa mara tatu, ni saa moja na nusu. Kule Chicago, mwishoni mwa Agosti 2020, watu 55 kati ya 81 waliohudhuria madarasa ya mazoezi ndani ya jengo moja waliambukizwa. Mahali hapo palikuwa na kipima joto mlangoni, mikeka imetenganishwa, na idadi haikuzidi robo ya uwezo. Barakoa zilivuliwa wakati wa mazoezi. Ndiyo masharti yale yale tuliyobandika kwenye milango yetu. Mwenye vyuma vinavyobebeka afadhali avipeleke vibarazani au juu ya paa, chini ya turubai.

Bwawa liko katikati, na hofu yake ilielekezwa pasipostahili. Maji yenye klorini hayakuwa tatizo: watafiti wa Imperial College, London, walionyesha mwaka 2021 kuwa miligramu 1.5 za klorini huru (ambayo haijatumika) kwa lita, pH (kipimo cha uasidi wa maji) ikiwa 7 hadi 7.2, hupunguza nguvu ya virusi zaidi ya mara elfu moja ndani ya sekunde 30. Hatari iko kwenye ukingo, watu wanaposhika ukuta na kupiga gumzo uso kwa uso, na kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Vyumba hivyo vifungwe, watu waje wamevaa tayari. Ila bomba la mvua la nje libaki, na litumike kweli. Jasho, mafuta na mkojo hula klorini, na bwawa la watu wasiooga kwanza huwa linanuka na kuwasha macho hata kama dawa imetiwa.

Gumu ni kulirudisha bwawa lililoachwa. Pampu ikizimwa miezi mitatu, maji hugeuka kijani kibichi na mbu huzaliana. Usimwage dawa juu ya majani na matope. Opoa kwanza, sugua kuta, shusha pH ifike karibu 7.2, ndipo utie klorini. Mpangilio huo una sababu: pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini ndiyo yenye makali. Ikipanda hadi 8, inabaki kama robo, nawe unaendelea kununua ndoo za dawa. Kwa bwawa la mita 10 kwa 5 lenye kina cha wastani cha mita 1.4, maji ni lita 70,000. Kulifikisha miligramu 10 kwa lita kunahitaji gramu 700 za klorini halisi, yaani zaidi kidogo ya kilo moja ya unga wa asilimia 65. Tia jioni, maana jua la Nairobi huimaliza haraka, na pampu izunguke usiku na mchana huku chujio kikisafishwa kinyumenyume kila kinapozibwa. Huenda ukarudia siku mbili au tatu. Asiingie mtu mpaka tundu la chini kabisa lionekane wazi ukiwa ukingoni, kwa kuwa mtoto aliyezama katika maji yenye ukungu haonekani, na klorini iwe imeshuka chini ya miligramu 5.

Jihadharini na jambo moja hapa. Unga wa klorini wa asilimia 65 na vidonge vya klorini vya asilimia 90 ni kemikali mbili tofauti. Vikichanganywa kwenye ndoo moja, au kijiko cha kimoja kikitumbukizwa kwenye kingine kikiwa na unyevu, vinaweza kuwaka au kulipuka. Stoo iliyofungwa miezi kadhaa, lebo zikiwa zimefutika, ndipo ajali ya namna hii hutokea.

Kuna na mabomba yaliyolala. Chini ya kila tundu la sakafu kuna kipande cha bomba kilichopinda ambacho hubaki na maji ili hewa ya maji taka isipande. Chumba kikifungwa wiki nyingi, maji hayo hukauka. Kwenye majengo ya ghorofa ya Amoy Gardens, Hong Kong, mwaka 2003, ugonjwa wa SARS uliwapata wakazi zaidi ya 300, na wachunguzi walitaja matundu ya sakafu yaliyokauka kuwa moja ya njia. Nusu lita ya maji kwa kila tundu kila wiki, na kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake ili yasikauke upesi, inatosha. Bomba za mvua za maji moto nazo zifunguliwe kabla ya mtu kuoga: tangi lipashwe hadi nyuzi 60, kichwa cha bomba kitiwe ndani ya ndoo ili mvuke usitapakae, maji yaachwe yatoke mpaka yaje moto kabisa. Hapo ndipo hujificha bakteria wa Legionella, wanaoleta homa ya mapafu.

Pesa iliwagombanisha wakazi kuliko virusi. Wengi walidai ada ya huduma ipunguzwe kwa kuwa hawakutumia bwawa wala jimu. Dai hilo lina haki yake, lakini hesabu yake ni ndogo. Pampu ya kilowati 0.75 ikifanya kazi saa 8 kwa siku inakula yuniti 180 kwa mwezi. Gawanya kwa nyumba 60, ni yuniti tatu kila nyumba. Na hata bwawa likifungwa, pampu yapaswa kuzunguka saa kadhaa kila siku la sivyo utalipa mara mbili baadaye. Ada kubwa inakwenda kwa walinzi, taka, lifti, kisima na dizeli ya jenereta. Kamati iliyobandika matumizi yake hadharani, mstari kwa mstari, ilikuwa na mahali pa kuanzia mazungumzo. Gharama mpya ya kufungua ni mtu wa kusimamia zamu. Kwa jimu naona ilipwe na wanaoitumia. Kwa uwanja wa watoto, ilipwe na wote.

Zamu zenyewe zigawiwe kwa namba ya nyumba, si kwa anayewahi kuandika jina. Kafyu iliwarudisha watu wote nyumbani kwa wakati mmoja, na nyumba tano zenye simu za haraka zilichukua saa zote nzuri. Mbili kwa wiki kwa kila nyumba, zisizochukuliwa zifunguliwe siku moja kabla.

Kipimo cha kufunga tena kiandikwe kabla ya kufungua. Mgonjwa mmoja katika nyumba moja si sababu ya kufunga bwawa. Nyumba mbili zisizohusiana zilizotumia zamu moja ya jimu, zote zikapata ugonjwa ndani ya siku 14, ni sababu ya kufunga jimu, na bembea ziachwe. Tangazo litaje zamu, lisitaje nyumba: "waliokuwa jimu Jumanne saa kumi na mbili asubuhi wajiangalie dalili na wapime." Habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na mkazi anayejua jina lake litazungushwa kwenye kundi hatasema anaumwa. Daftari la zamu likae kwa meneja peke yake, na kurasa zilizopita mwezi zichanwe.