Karani wa Stoo Naye Aijue Bunduki Yake

Asubuhi ya tarehe 23 Machi 2003, msafara wa magari ya Kombania ya 507 ya Matengenezo ya Jeshi la Marekani ulipotea njia na kujikuta ndani ya mji wa Nasiriyah, kusini mwa Iraki. Waliokuwamo hawakuwa askari wa miguu. Walikuwa mafundi, madereva, makarani wa stoo na mpishi, watu waliotoka kambi ya Fort Bliss, Texas, ambao kazi yao ilikuwa kuihudumia batalioni ya makombora ya Patriot, yaani ya kujikinga na mashambulizi ya anga. Walikuwa 33, wamechoka kwa siku kadhaa za safari ya jangwani, na wameachwa mbali na msafara mkuu uliowatangulia. Walishambuliwa kutoka pande zote za barabara. 11 walipoteza maisha na wengine sita wakabaki mateka.

Wengi wanakikumbuka kisa hiki kwa jina la Jessica Lynch, karani wa stoo ambaye magazeti yalimpamba kuwa alipigana hadi risasi ya mwisho. Yeye mwenyewe alikanusha: bunduki yake ilikwama na hakupiga hata risasi moja. Kwangu mimi kanusho hilo lina thamani kubwa kuliko hekaya yote ya ushujaa, kwa sababu halikuwa jambo la mtu mmoja. Ripoti ya Jeshi la Marekani ilieleza kuwa silaha kadhaa za kombania hiyo zilishindwa kufanya kazi katikati ya mapigano, bunduki za rashasha zikiwamo, na kwamba huenda sababu ilikuwa upungufu wa matunzo ya kila askari kwa silaha yake katika mazingira ya vumbi la jangwani. Patrick Miller, fundi wa kombania hiyohiyo, alilazimika kupakia risasi mojamoja na kuipiga bunduki yake kwa kiganja ili bolti, chuma kinachofunga risasi ndani ya bunduki, ifunge, huku akiwalenga Wairaki waliokuwa wakiandaa mzinga mdogo. Alitunukiwa nishani ya ushujaa ya Silver Star, na aliistahili. Hata hivyo, ukiitazama picha hiyo kwa karibu, utaona askari anayepambana na silaha yake kabla hajapambana na adui.

Baada ya hapo jibu lililosikika zaidi lilikuwa kwamba kila askari lazima awe mpiganaji kwanza na fundi au mpishi baadaye. Jenerali Peter Schoomaker, aliyeshika uongozi wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani mwaka huohuo wa 2003, aliisimamia fikra hiyo, na mafunzo ya makuruta yakaongezewa mazoezi ya misafara na ya kujihami. Kikosi cha Wanamaji wa Marekani (Marine Corps, askari wanaopigana nchi kavu wakitokea baharini) kimekuwa kikisema kwa miaka mingi kuwa kila askari wake ni mpiga bunduki, awe rubani au karani wa mishahara. Uingereza nayo ilishalipitia jambo hili zamani: uwanja wa ndege wa Maleme ulipotekwa katika kisiwa cha Krete mwezi Mei 1941, Waziri Mkuu Churchill aliandika kwa hasira akitaka kila mtu wa jeshi la anga awe na silaha ya kulinda kiwanja chake, hata kama ni mkuki au rungu, na mwanzoni mwa mwaka 1942 kikaundwa kikosi maalumu cha kulinda viwanja hivyo. (Mkuki na rungu dhidi ya askari wa miavuli wa Kijerumani! Lakini hoja yake ilieleweka.)

Naikubali fikra hiyo, ila naona inatekelezwa mahali pasipofaa. Katika majeshi mengi, askari wa huduma hukutana na bunduki mara moja kwa mwaka. Hupelekwa uwanja wa shabaha, hukabidhiwa silaha ambayo pengine si ile atakayokwenda nayo kazini, hupiga risasi chache akiwa amelala kifudifudi huku mkufunzi akimwelekeza hatua kwa hatua, jina lake huwekewa alama ya kufaulu, kisha silaha inarudi ghalani. Karatasi inasema yuko tayari. Kwa kweli amethibitisha jambo moja tu, kwamba mchana, bila haraka, akisimamiwa, anaweza kugonga shabaha. Hakuna aliyempima kama anajua la kufanya bunduki inapokataa kulia, kama anaweza kubadilisha magazini (kasha la risasi) gizani akiwa ndani ya lori amevaa fulana ya kinga, au kama anajua ni kiasi gani cha mafuta kinachofaa mahali penye mchanga mwembamba unaonata kwenye kila kilicholoa.

Ndiyo maana naliona badiliko lililofanywa na Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kwenye jaribio lake la bunduki kuwa la maana kuliko kaulimbiu zote za upiganaji. Jaribio la sasa lina shabaha 40 na alama ya chini ya kufaulu ni 23. Mpigaji hupewa magazini nne zenye risasi kumi kila moja, hupita katika mikao minne, kuanzia kulala hadi kusimama, na hubadilisha magazini mwenyewe bila kusubiri amri. Silaha ikikwama, ni juu yake kuikwamua. Karani anayepita hapo kwa alama 24 namwamini kuliko yule aliyepata 38 akiwa ameegemea mifuko ya mchanga.

Hoja ya gharama huletwa kila mara, nayo si ya kupuuzwa, kwa sababu risasi ni fedha na saa za fundi zinahitajika karakanani. Lakini ujuzi ninaouzungumzia hauhitaji risasi nyingi. Makuruta wa Wanamaji wa Marekani hutumia wiki nzima kujifunza mikao, pumzi na kufyatua bunduki tupu kabla ya kupewa risasi ya kwanza. Robo saa kila wiki ya kufungua, kusafisha, kufunga na kukwamua silaha haiwezi kuisimamisha karakana yoyote. Wengine wanahofia ajali, wakisema kuwa silaha zaidi mikononi mwa wapishi ni risasi zaidi za bahati mbaya. Nijuavyo, anayefyatua bila kukusudia ni yule asiyekumbuka vizuri kama chemba ina risasi, na kumbukumbu hiyo hutokana na kuishika silaha mara kwa mara chini ya usimamizi, si kuikimbia.

Madaktari na wauguzi wa kijeshi pia hawana kisingizio. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa mwaka 1949, ibara ya 22, unaruhusu watumishi wa tiba kuwa na silaha na kuzitumia kujilinda wao na majeruhi wao bila kupoteza ulinzi wa sheria.

Kwa wasomaji wa pwani yetu, suala hili haliko mbali. Tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege wa Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani watatu. Mmoja alikuwa askari mwongoza ndege, na wawili walikuwa raia wa kampuni ya kandarasi. Sitadai kwamba shabaha nzuri ingewaokoa. Gari la askari huyo lilipigwa kwa roketi, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 ulilaumu maandalizi na mafunzo ya ulinzi pamoja na mazoea ya kudhani kwamba hapo hapana hatari. Ila mahali palipohesabiwa kuwa pa huduma tu palikuwa uwanja wa mapigano kabla jua halijapanda.

Ningekuwa mkaguzi wa kambi, nisingeanza na daftari la alama za shabaha. Ningeingia stoo bila taarifa, nikamwomba karani anioneshe bunduki iliyoandikwa kwa jina lake, aifungue mbele yangu, aniambie mara ya mwisho ameisafisha lini, kisha anioneshe anachofanya inapokwama. Akishindwa, ningemwita kamanda wake, wala si yeye, kujieleza.