Bustani ya mvua: udongo na choo kwanza, mimea baadaye

Uwanja ukishapigwa pevingi hadi ukutani, mvua ya masika haina pa kuzama. Maji yanatoka kwako yanaingia kwa jirani, na ugomvi unaanza. Kwa hiyo hoja ya bustani ya mvua, yaani shimo pana lenye mimea linalopokea maji ya paa ili yanywee ardhini, ina nguvu. Wanaoipinga nao hawapigi porojo: wanataja mbu, nafasi na choo.

Tuanze na hesabu. Paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 30 linamwaga lita 3,600 hivi. Bustani ya mita za mraba 18, kina sentimita 20, inabeba karibu kiasi hicho. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 20 nafasi hiyo inapatikana. Lakini ikinyesha milimita 80, jambo lisilo geni Dar es Salaam, zinashuka lita 9,600. Anayekuahidi kwamba hutahitaji mtaro tena anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mbu huchukua takriban wiki moja kutoka yai hadi kuruka. Bustani inayokauka ndani ya saa 48 haimpi nafasi. Inayotuama siku 8 ni mazalia. Kinachoamua ni udongo. Chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena, kisha pima yanavyoshuka. Yakishuka sentimita 2.5 au zaidi kwa saa, endelea. Pima wakati wa masika, maana jibu la Agosti hudanganya: maji ya ardhini yanakuwa yameshuka. Maeneo ya chini kama Msasani na Mikocheni, shimo linaweza kujaa kutoka chini. Hapo weka koleo pembeni.

Kwenye udongo wa mfinyanzi, usiopitisha maji upesi, kuchanganya ndoo chache za mchanga ni kosa la kawaida. Mchanganyiko hukauka ukawa mgumu kama tofali. Itabidi uondoe udongo hadi sentimita 60 na kurudishia mchanga sehemu 6, mboji 2 na udongo wa juu 2. Gharama ikifika huko, naona tangi la lita 5,000 lina faida zaidi, na maji utayafulia.

Hoja ya choo ndiyo nzito kuliko zote. Maji yanayozamishwa jirani na shimo la choo huliharakisha kujaa, na masika likafurika. Mitaa iliyobanana kama Tandale au Manzese, bustani hii haifai, hata udongo uwe mzuri kiasi gani.

Palipo salama, kaa angalau mita 3 kutoka msingi, upande wa chini wa mteremko. Sakafu ya shimo iwe sawa kwa pima maji, na toroli lisipite ndani, maana udongo ulioshindiliwa haunywi. Bomba linapomwagia, panga mawe. Maji ya uwanja wa vumbi yasiingie: tope laini huziba vinyweleo vya udongo katika msimu mmoja tu. Chini panda nyasi ya vetiva, inayovumilia mafuriko na kiangazi, kingoni mchaichai. Magimbi hupendwa, lakini Julai hunyauka. Ukingo mmoja uachwe chini kwa sentimita 5 kuliko mingine ili maji yakizidi yatokee hapo, uelekee mtaroni, kamwe si ukutani kwa jirani.