Usugu wa dawa: mwacheni muuguzi aulize

Mwaka jana mama yangu alilazwa kwa nimonia katika hospitali moja ya wilaya. Siku ya tatu, wakati wa raundi, muuguzi wa zamu alisema, "Daktari, huyu mama homa haijapanda tangu juzi, na jana alikula ugali akamaliza. Bado tunaendelea na sindano?" Daktari hakuinua uso kwenye faili. "Sista, dawa itolewe kama ilivyoandikwa." Sista akanyamaza, akaanza kutafuta mshipa mwingine, maana pale kanula, mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, ilipokaa mkono ulikuwa umevimba.

Ukimya ule ndio ulionifanya niandike. Likija suala la UVIDA, yaani usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa, muuguzi hutajwa kwa mambo mawili tu: awaelimishe wagonjwa, na aache kugawa dawa kiholela. Huku hali ni mbaya. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa mwaka 2019 bakteria sugu waliua moja kwa moja watu milioni 1.27, na Afrika Magharibi ndiyo iliyokuwa na kiwango kikubwa kuliko kote duniani.

Wanaosita kumpa muuguzi sauti wana hoja, na nazijua. Zahanati nyingi za vijijini zina muuguzi peke yake. Homa yoyote ikiingia mlangoni inaitwa UTI, na mgonjwa anatoka na antibayotiki ya sipro. Wapo wauzaji wa maduka ya dawa muhimu waliopitia uuguzi, na bado wanampimia mteja vidonge vinne vya amoksilini kwa sababu hela yake inaishia hapo. Tena kuna suala la uwajibikaji: mgonjwa akizidiwa baada ya dawa kubadilishwa, anayeitwa kujieleza ni aliyeandika. Hoja hii ya mwisho ni nzito, nami siipuuzi.

Lakini yule sista hakuandika dawa. Aliuliza. Na aliuliza kwa sababu anakiona kitu ambacho daktari hakioni, nacho ni saa.

Chukua ampisilini ya sindano. Ikiandikwa kila baada ya saa sita, ni saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Dawa za jamii ya penisilini hufanya kazi kwa muda zinaokaa kwenye damu zikiwa za kutosha. Dozi ya saa 6 usiku ikitolewa saa 9, bakteria wamepata nafasi ya kupumua. Sasa ingia wodi yenye vitanda 40 na muuguzi mmoja wa usiku, na mgonjwa wa kitanda cha mwisho ameanza kutapika damu. Ile dozi itatolewa saa ngapi? Daktari anayeijua hali hiyo anaandika seftriaksoni, inayoweza kuchomwa mara moja kwa siku. Anafanya hivyo kwa nia njema kabisa, akimwonea huruma muuguzi na mgonjwa.

Ila Shirika la Afya Duniani limegawa antibayotiki katika makundi: zipo za kutumika kwanza, za kuangaliwa kwa makini na za akiba. Ampisilini ni ya kwanza. Seftriaksoni ni ya kuangaliwa, kwa kuwa usugu unaizukia kwa urahisi zaidi. Septemba 2024, kwenye Umoja wa Mataifa, nchi ziliahidi kwamba kufikia 2030 angalau asilimia 70 ya antibayotiki wanazotumia binadamu duniani zitoke kundi la kwanza. Ahadi hiyo inategemea wauguzi wangapi wako zamu saa 6 usiku. Tumezoea kuuhesabu upungufu wao kama suala la ajira. Mimi nauona kuwa ni chanzo cha usugu, na sijausikia ukitajwa hivyo kwenye semina hata moja niliyohudhuria.

Yapo na mengine. Damu ya kuotesha, yaani ya kupimwa maabara ili bakteria ajulikane, inatakiwa itolewe kabla ya dozi ya kwanza, na dakika hiyo aliyepo kitandani ni muuguzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unakataza kuendeleza antibayotiki ya kinga, ile ya kuzuia maambukizi ya kidonda, baada ya upasuaji kuisha, lakini akina mama wengi waliojifungua kwa kisu bado huchomwa kwa siku kadhaa. Anayezichoma anajua. Haulizwi.

Mtu atasema wauguzi wamechoka, tusiwaongezee mzigo. Wamechoka kweli. Lakini sindano moja ina kuchanganya dawa, kusukuma polepole na kusafisha kanula. Kidonge kinataka kikombe cha maji. Mgonjwa akihamia vidonge mapema, muuguzi ndiye wa kwanza kupumua.

Ombi langu ni dogo. Kamati za Dawa na Tiba za hospitali ziongeze mstari mmoja kwenye chati ya dawa: saa 48 baada ya dawa kuanza, muuguzi aandike anachokiona, na daktari ajibu kwa maandishi, akikubali au akikataa. Uamuzi unabaki kwa daktari, na uwajibikaji pia.

Siku ya nne daktari mwingine ndiye aliyepita raundi. Alifika kitandani kwa mama, akamgeukia sista yuleyule: "Huyu anaendeleaje?" Sista akarudia maneno ya jana. Asubuhi hiyohiyo mama akabadilishiwa vidonge, na kanula ikatolewa.