Hadithi Nimeiona, Niambie Ilivyotengenezwa

Makala nyingi za filamu ninazokutana nazo zinafanana. Aya za mwanzo zinasimulia hadithi, inayofuata inataja waigizaji na kusema wamekaa vizuri kwenye nafasi zao, halafu nyota nne kati ya tano, kwaheri. Kama filamu nimeshaiona, sijaambulia kitu. Kama sijaiona, nimeharibiwa uhondo bure.

Wape waongozaji wawili skripti moja, watakuletea filamu mbili zisizojuana. Tofauti iko kwenye mahali kamera iliposimama, mhariri alipokata, sauti iliyoingia na iliyonyamazishwa. Huko ndiko mhakiki anapaswa kutupeleka. Wengi hawaendi, kwa sababu inabidi kurudisha nyuma na kuangalia kipande kilekile tena na tena.

Chukua tukio la bafuni katika Psycho, filamu ya mwongozaji Alfred Hitchcock ya mwaka 1960. Hata asiyeiona anajua kuna mwanamke anachomwa kisu akioga. Sasa liangalie polepole. Kisu kikizama mwilini karibu hukioni. Unaona mkono umeinuliwa, mdomo uliopanuka, maji, pazia, mkono tena. Vipande vifupi vifupi vimeunganishwa kwa kasi hadi akili yako inajimalizia yenyewe. Damu ile ni shira ya chokoleti, na filamu ikiwa nyeusi na nyeupe, nani angejua? Hitchcock alitaka tukio lipite bila muziki. Mtunzi wa muziki wake, Bernard Herrmann, akautunga licha ya hayo, kwa ala za nyuzi peke yake, na zile fidla zinazopiga mayowe ndizo watu wanaziiga mpaka leo wakitaka kumtisha mtu kwa utani. Zima sauti uone hofu inavyopungua. Na anayeuawa ni Janet Leigh, jina kubwa humo, wakati filamu haijafika hata nusu. Sisi tuliozoea kwamba steringi hafi tunaachwa njia panda, hatujui tumfuate nani, na hapo ndipo mwongozaji alipotutaka.

Hayo yote hayaingii kwenye asilimia. Ile ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, ambayo watu wanaitaja kama matokeo ya mtihani, inahesabu wahakiki waliosema ndiyo, basi. Mia wakisema "si mbaya, inaangalika", filamu inapata 100. Nyingine ambayo nusu wameipenda kufa na nusu wameichukia inaondoka na 50. Mimi ningeanza na hiyo ya 50.

Hata wahakiki wenyewe hubadilika. Vertigo, ya Hitchcock huyohuyo, ilipotoka mwaka 1958 haikushangiliwa sana. Mwaka 2012 kura ya wahakiki ya jarida la Sight and Sound la Uingereza ikaipa nafasi ya kwanza, ikiishusha Citizen Kane iliyokuwa imekalia kiti hicho kwa miaka 50. Kura ya 2022 ikaiondoa na Vertigo, ikaiweka Jeanne Dielman ya Chantal Akerman. Kwa hiyo anayeandika kwa sauti ya hakimu wa mwisho ananichekesha kidogo.

Tamthilia za televisheni zinataka jicho lingine. Kule mwenye kazi mara nyingi ni mwandishi mkuu. Aliyeongoza sehemu ya tatu anaweza asiwepo kabisa kwenye ya nne. Kumsifu mwongozaji kwa msimu mzima ni kumpa mtu harusi isiyo yake. Halafu kuna suala la kusubiri. Tamthilia inayotoka mara moja kwa wiki inaandikwa ikijua mtazamaji atakaa siku saba akibishana na wenzake, na atasahau mambo. Ndiyo maana wahusika wanakumbushana yaliyopita, na sehemu inakatika mlango ukianza kufunguka. Mwaka 2013 Netflix ikaachia sehemu zote 13 za msimu wa kwanza wa House of Cards kwa siku moja, na namna ya kutazama ikabadilika. Siku hizi mtu anachukua hata tamthilia iliyotoka wiki kwa wiki, anameza msimu mzima kwa usiku mmoja, asubuhi anaandika kwamba sehemu ya sita inajirudia. Inajirudia kweli, lakini iliandikwa kwa ajili ya mtu aliyeingoja wiki nzima, na makala yake haisemi hilo popote.