Sangara wa Nabugabo, mpeleke jikoni

Niseme wazi mapema. Mtu anayevua sangara kwa ndoana katika Ziwa Nabugabo, kule Masaka, Uganda, akapiga naye picha, kisha akamrudisha majini huku akijisifu kuwa mpenda mazingira, hajalifanyia ziwa lile hisani yoyote. Amuue, ampare magamba, akale na wanawe.

Desturi hii ya kurudisha samaki naijua ilikotoka. Imetoka chini ya maporomoko ya Murchison ya Mto Nile, ambako wavuvi wa burudani hukata kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori na kushindana na sangara wakubwa kuliko wao wenyewe. Kule ni sawa kabisa. Sangara wa pale na wa Ziwa Albert yuko kwao, na samaki wenzake wamezoeana naye tangu enzi na enzi. Ni maporomoko yenyewe, yenye kimo cha mita 43 hivi, yaliyomzuia asipande juu. Bila mkono wa binadamu asingefika maziwa ya Kyoga wala Victoria. Mkono huo ulifanya kazi katika miaka ya 1950, enzi za mkoloni, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akatiwa Nabugabo pia. Kwa hiyo samaki yule yule, ndani ya nchi moja, ana haki ya kulindwa chini ya maporomoko, na juu yake ni mvamizi. Vijana wa Kampala wenye fito za kisasa wamebeba kanuni ya Murchison wakaileta Masaka bila kuuliza.

Ziwa Victoria naliacha kando. Pale sangara ameshakuwa viwanda, ajira na dola, mabondo yake, yaani vibofu vyake vya hewa, yanauzwa hadi China, na hakuna mwenye akili anayetarajia ndoana za burudani zibadilishe chochote. Nabugabo ni habari nyingine. Ni ziwa dogo, la kina kifupi, lililotengwa na Victoria na ukanda wa mchanga maelfu ya miaka iliyopita. Kutengwa huko kukazaa samaki wasiopatikana kwingine popote duniani, wengi wao nkejje, wale wadogo ambao wenzetu wa Mwanza wanawaita furu. Nani atamlilia samaki wa ukubwa wa kidole? Waganda watamlilia, kwa kuwa kuna ukoo mzima ambao nkejje ndiye mwiko wao. Na wazee wanakumbuka jinsi nkejje mkavu alivyopondwa akatiwa kwenye chakula cha mtoto aliyedhoofika.

Sangara alipoongezeka, nkejje walitoweka katika maji ya wazi. Waliosalia walijibana pembeni, kwenye matete na mafunjo, ambako hewa ya oksijeni majini ni haba. Nkejje wengi huvumilia hali hiyo, sangara hawezi. Kisha likatokea jambo ambalo nadhani halijasimuliwa vya kutosha hapa nyumbani: wavuvi walipomwandama sangara kwa nguvu, idadi yake ikashuka, na watafiti wakaona baadhi ya nkejje wakitoka mafichoni na kurudi ziwani. Si wote, na si wa aina zote. Lakini walirudi, na hakuna aliyemwaga dawa wala kuleta mradi wa mabilioni. Walirudi kwa sababu adui yao alikuwa anakaangwa.

Hapo ndipo ninapomwona mvuvi wa ndoana ana nafasi yake. Wavu wa macho madogo humkamata sangara, ni kweli, ila unawazoa na nkejje wale wale tunaotaka kuwaokoa, na kokoro, wavu ule wa kukokotwa, huharibu hata mazalio. Ndoana kubwa yenye chambo kikubwa inachagua. Nkejje hata akitaka hawezi kuimeza. Mtu mmoja na mshipi wake hatalisafisha ziwa, wala simdanganyi mtu kwamba sangara atakwisha Nabugabo. Hilo halitatokea, na wavuvi wa pale wanaomtegemea wangekuwa wa kwanza kulalamika. Kinachotakiwa ni kumpunguza mfululizo, mwaka hadi mwaka. Jike kubwa la sangara hubeba mayai kwa mamilioni, kwa hiyo huyo mnayemwachia baada ya picha ndiye hasa asiyefaa kuachiwa.

Lakini wavuvi hao hao wanaweza kuharibu kwa mkono wa kushoto walichojenga kwa wa kulia. Nimeona watu wakifyeka mafunjo ili wapate mahali pazuri pa kurushia mshipi, na wenye fukwe wakiondoa matete ili wageni waone maji vizuri. Ukifyeka pale umebomoa ngome ya nkejje. Umemfungulia sangara mlango. Kama huwezi kuvua bila kufyeka, panda mtumbwi uvulie ndani.

Chambo nacho. Sangara anapenda chambo hai, na wengi hununua vikambare au nkejje mwaloni na kuwabeba kwenye ndoo. Kubeba ndoo ile kutoka ziwa moja hadi jingine, kisha mwisho wa siku kumwaga kilichobaki, ni kurudia kwa udogo walichofanya wakubwa miaka ya 1950. Karibu na Nabugabo kuna vijiziwa vya Kayanja, Kayugi na Manywa ambako sangara hajafika, na ngege (perege) wa asili bado wapo. Kinachovilinda ni kinamasi tu. Ndoo moja ya mtu asiyefikiri inavuka kinamasi kwa bodaboda ndani ya dakika chache.

Boti na nyavu pia zioshwe na kukaushwa kabla ya kuhamishwa. Gugu la Kariba, mmea unaoelea majini ulioonekana Kyoga mwaka 2013, huota upya kutoka kipande kidogo kilichonasa kwenye kamba.

Sasa sheria. Kitaifa, sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na mwaka 2017 wanajeshi waliingia majini kuhakikisha hilo. (Kiswahili chao cha amri kilieleweka kila mwalo, hata kwa wasiokijua.) Simwambii mtu avunje sheria; mdogo ukimnasa, mrudishe. Ila ninahoji kwa nini kipimo kilichowekwa kulinda biashara ya Victoria kimlinde mvamizi ndani ya ziwa dogo ambalo tangu 2004 linatambuliwa chini ya mkataba wa Ramsar kama ardhioevu ya thamani ya kimataifa. Idara ya Uvuvi iwaite wataalamu wa taasisi ya utafiti wa uvuvi pale Jinja, wanaoyajua haya kuliko mimi. Waketi na wavuvi wa Nabugabo, waandike kanuni ya ziwa lile peke yake: ndoana iruhusiwe kwa kibali cha bei nafuu, kila sangara mwenye ukubwa wa halali achukuliwe, kokoro marufuku, mafunjo yasiguswe. Na wenye hoteli za ufukweni wawe wanawapikia wateja sangara waliyemvua wenyewe, kwa malipo ya mafuta na makaa tu. Hilo la mwisho halihitaji bunge, linaweza kuanza Jumamosi hii.